Nimeahidi kukimbia kilomita 42 kwa ajili ya marehemu mama, sasa goti limegoma

Anti shikamoo,

Nasoma safu yako siku nyingi kimyakimya, sikuwahi kuwaza kama na mi ipo siku ntaandika ila yamenifika shingoni.

Mi ni mdada wa miaka 31, naishi Buguruni, nauza duka la vipodozi la mtu Kariakoo, nina mtoto mmoja wa kike yuko darasa la pili. Mama yangu alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, saratani ya shingo ya kizazi. Tulichelewa kujua, alikuwa anatokwa damu anasema mambo ya umri hayo yatapita, mpaka tunafika hospitali ya saratani ya Ocean Road ilikuwa imeshatembea. Mimi ndo nilikuwa nampeleka mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa wiki tano, daladala mpaka Posta halafu bajaji, kurudi hivyohivyo, na kuna siku alikuwa kachoka mpaka namtandikia kanga pale kituoni anakaa chini watu wanapita wanatuangalia. Kwenye foleni ya mionzi tulikuwa na wamama wa Kigoma, wa Lindi, wamefikia kwa ndugu huko Chanika huko Kongowe, siku mbili anakuja siku ya tatu humuoni maana nauli imekata. Mama ananiuliza yule mwenzangu wa kilemba cha kijani leo yuko wapi, namwambia labda kapangiwa saa nyingine.

Basi baada ya arobaini nikaingia klabu ya jogging hapa mtaani, mwanzo ilikuwa tu nitoke ndani maana nikikaa nalia. Jumapili saa kumi na moja alfajiri tunatoka, kiongozi anaimba tunaitikia, nikajikuta nimenogewa. Mwezi wa tisa wenzangu wakawa wanaongelea Kili Marathon ya Moshi na mi kichwa kikapanda, nikaandika kwenye magroup yote ya WhatsApp, la ukoo, la soko, la niliomaliza nao form four, kwamba ntakimbia 42 kumkumbuka marehemu mama na atakayeguswa achangie, hela iende kuwa nauli na chakula cha wamama wanaofanya mionzi. Anti watu waliguswa kweli. Ahadi zimefika 2,450,000 na zilizoingia kwenye simu yangu mpaka leo ni 1,380,000. Hata bosi wangu ambaye kutoa kwake ni mtihani katoa laki.

Sasa zimebaki wiki tano. Mbali zaidi nimefika 24, yani Buguruni, Mnazi Mmoja, Posta, Barack Obama Drive napita palepale hospitali, Daraja la Tanzanite mpaka Coco Beach halafu narudi. Tangu Krismasi goti la kulia linauma kwa upande wa nje. Nikianza liko poa, nikifika kama kilomita ya 15 ni kama mtu ananichoma na sindano ya kushonea magunia, na pale dukani stoo iko juu, ngazi nashuka kinyumenyume wateja wananicheka. Nikimeza diklofenaki mbili kabla ya kutoka linanyamaza. Raba zangu nilinunua mtumba Karume 35,000, kali tu hazina tatizo. Kocha wetu anasema nikaze, ananitolea mfano wa John Stephen Akhwari, yule Mtanzania wa marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, aliumia goti likafungwa bandeji na akamaliza, sasa mi nani nishindwe.

Halafu kuna mama mkubwa, dada yake mama wa tumbo moja, anakaa Mbagala. Huyo ndo hataki hata kusikia. Anasema mtoto wa kike kukimbia barabarani gizagiza na suruali ya kubana ni kumdhalilisha marehemu, na hizo hela zifanye hitma ya mwaka kabla ya mfungo watu waje wasome wale, hii biashara ya kumtembeza maiti kwenye simu nimeitoa wapi. Na kilichomuudhi zaidi, mi nilikata kipande cha kanga ya mama nikawa najifunga mkononi nikikimbia, najifutia jasho. Ni ile ya HAKUNA KAMA MAMA, sasa nilivyopitisha mkasi kwenye kipande changu kimebaki KAMA MAMA tu. Siku aliyoniona nayo hakusema kitu, aliinuka akaingia chumbani, na toka siku hiyo simu zangu hapokei.

Nifanyeje Anti? Nikiacha ntaonekana tapeli, nikikimbia naogopa goti, na sitaki kumuangusha mama.

Mkimbiaji wa Buguruni

NB: Kitu kingine kidogo, mwezi wa kumi na mbili mwanzoni mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi minne nikatoa 320,000 kwenye zile hela, ntazirudisha. Sijamwambia mtu.

* * *

Marahaba mwanangu. Pole na msiba, nakupa tena maana watu wetu arobaini ikishapita na pole nazo wanakunja na majamvi.

Ngoja nikwambie. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikajua hii ni ya goti, kichwani nikaanza kupanga majibu ya goti. Nikafika kwenye NB. Nikarudi kuanza juu upya, ikawa barua nyingine kabisa. Mtu akisema "kitu kingine kidogo" halafu hicho kidogo kakaa nacho mwezi na zaidi hajamwambia hata shoga yake, hicho sio kidogo. Na hebu angalia tarehe zako mwenyewe, kodi umelipa mwezi wa kumi na mbili mwanzoni, Krismasi goti linaanza kulalamika, na badala ya kupumzika kama mtu mwenye akili zake (nawe unazo, barua yako inaonyesha) ukaanza kumeza vidonge ili uendelee. Mi sio mpiga ramli ila naona mtu anayelipa deni kwa miguu. Unajiambia hela nimekula, basi angalau hizo 42 nizitoe zote nisipunguze hata hatua. Mwanangu, goti haliwezi kulipa 320,000, hata ulikimbize mpaka Arusha.

Kwa hiyo tuanze na hela. Mtu wa Kariakoo hukosi mchezo, sasa nenda kwa kijumbe kabla hamjafungua duka umwambie una shida ubadilishane zamu na mtu, usimpe hadithi ndefu, mwambie nina amana ya watu naitaka kuikamilisha. Kama zamu yako umeshakula muombe huyo bosi wako mgumu akukate kwenye mshahara kidogokidogo, mtu aliyetoa laki yake mwenyewe hawezi kukutupa. Ukizipata usizirudishe kwenye laini hiyohiyo. Hela ya amana haikai laini moja na hela ya luku, ndo maana siku mwenye nyumba alipokuja ulikuwa umeshaishika kabla hujafikiria. Sijasema wewe mwizi. Nasema uliweka nyama na paka chumba kimoja.

Na hapa nataka unisikilize vizuri kuliko popote, hizo hela usizisubirishe mbio. Sijui nani alikwambia mpaka ufike mwisho kwanza ndo zitoke. Hesabu na mimi, mama alifanya mionzi wiki tano, na mbio zako ziko wiki tano mbele. Mama wa Lindi anayeanza Jumatatu hii, siku wewe unafunga kamba za raba kule Moshi yeye keshamaliza, au keshakatisha karudi kwao kwa sababu ya nauli huku nauli yake imelala kwenye simu yako. Hela ikikamilika nenda hospitali, uliza ofisi ya ustawi wa jamii, hao ndo wanajua nani kakwama na anakwamia nini, waambie unachotaka kufanya na wakueleze utaratibu wao. Pale ni taasisi ya serikali kwa hiyo wakikwambia pesa iingie hospitali unapewa control number unalipia kwa simu na ujumbe wa malipo unabaki nao, wakikwambia ulete vitu basi ni sabuni, pedi, unga, na risiti za dukani unatunza. Usisimame getini kugawa noti mkononi kwa kila utakayemuonea huruma, utaondoka umegombanisha watu. Halafu piga picha risiti, tuma kwenye magroup yote uliyoomba. Ukifika hapo hakuna binadamu wa kukuita tapeli, uwe umekimbia 42, umekimbia 21 au umebaki kitandani.

Sasa goti. Kwanza hayo mambo ya kumeza diklofenaki ndo ukimbie yaishe leo. Dawa za aina hiyo ukizichanganya na jasho la Dar la mwezi wa kwanza na wa pili, mwili umekauka, unazitesa figo, na juu ya hapo unanyamazisha goti lililokuwa linakwambia ukweli. Maumivu ya nje ya goti, yanayokuja ukishaenda mbali, yanayozidi kwenye kushuka, wakimbiaji wengi wanayajua na mara nyingi ni ule mshipa mrefu unaotoka nyonga kupita pembeni ya paja, ila mi nasema kwa kuona kwa wenzangu, wewe nenda kamuone mtu wa fiziotherapia akushike akuangalie. Nenda na hizo raba. Zigeuze kabla hujaenda utazame soli, raba ya mtumba ilishamzoea mtu, imelika upande aliokuwa anakanyagia mwenyewe huko Ulaya, na wewe miezi minne unakanyaga mwendo wa mwingine. 35,000 sio kitu kibaya ila hilo hukuliangalia, uliangalia rangi.

Huyo kocha wako mwambie nimemsalimia. Akhwari alianguka na kuumia katikati ya mbio, goti hakutoka nalo nyumbani. Alikuwa mwanariadha haswa, na miaka miwili baadaye, 1970, alikuwa mtu wa tano kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Wewe umeanza kukimbia mwaka jana mwezi wa nne kwa ajili ya kutoka ndani. Kila mwenye goti bovu nchi hii anatajiwa Akhwari, mzee wa watu hakumaliza zile mbio ili sisi tuje tuharibiane magoti.

Na nikwambie njia ya Moshi ilivyo kama hukuambiwa. Wa 42 wanaanza kwa kuzunguka huku chini barabara ya kuja Dar, tambarare, mtu anajiona bingwa, halafu wakishamaliza kama nusu ndo wanageuziwa mlima wa Mweka, unapanda kama kilomita kumi, ukifika juu unateremka zote mpaka uwanjani. Kuteremka, mwanangu. Wewe ambaye ngazi za stoo unashuka kinyumenyume. Mtu wa 42 kwa kawaida wiki tatu kabla ya mbio anatakiwa awe ameshafika hata 30 au 32, halafu anapunguza apumzike, sasa wewe kutoka 24 na goti hilo utaruka lini ufike huko? Mwaka huu 42 sahau. Wapigie waandaaji leo uulize kama unaweza kuhamia 21, usingoje wiki ya mwisho. Na 21 ya Moshi usiidharau, wenyewe hawazungushwi huko chini, wanapelekwa Mweka mojakwamoja. Mi nimeikimbia mara mbili, mara ya pili nilipomaliza nililala kwenye majani watoto wakadhani nimezimia wakanimwagia maji yao ya kunywa.

Ila hata hiyo 21 ni mpaka mtu wa fiziotherapia akubali, na Jumapili mbili hizi zinazokuja hukimbii kabisa. Klabu waende na nyimbo zao, wewe lala.

Kwenye magroup andika hivi, usizunguke: "Ndugu zangu, goti limenigomea, mwaka huu 42 siwezi, nikiruhusiwa ntakimbia 21. Michango yenu imeshafika kwa wagonjwa, risiti hizi hapa. Ambaye alichangia kwa sababu ya 42 na anataka hela yake aniambie pembeni, namrudishia." Andika ukiwa na risiti, sio kabla. Na yupo mmoja atakayeitaka, kila group anakuwepo, mrudishie kutoka mfukoni kwako na salamu juu. Habari ya kodi huna haja ya kuitangaza kwa watu mia mbili kama umeshazirudisha, najua wapo watakaonipinga hapa, ila akitokea mtu akakuuliza uso kwa uso usimdanganye.

Kabla sijasahau, wewe una miaka 31 na mama yako kaondoka na ugonjwa huu, mbona barua nzima husemi kama umepima? Kile kipimo cha siki cha shingo ya kizazi ni dakika chache. Siku unayoenda kulipa ulizia na hilo hapohapo, na binti yako akifika miaka 9 ipo chanjo ya HPV, hao virusi wanaoleta saratani hii, sasa hivi ni dozi moja tu.

Nimebakisha mama mkubwa makusudi, maana huyo ndo kazi.

Umemuandika kama mtu anayekuzuia. Mi nimemuona mtu mwingine, nimeona bibi aliyezika mdogo wake. Mwaka mzima nyinyi wote mmekuwa mnasema marehemu mama, marehemu mama, pole zinakuja kwako na ni haki yako, ila yeye kule Mbagala aliyecheza naye rede, aliyemsuka, ambaye sishangai kama ndo aliyekuwa chumbani siku ya kumuosha, amepewa pole na nani tangu matanga yalipoanuliwa? Halafu siku moja anakuona na kitambaa cha jasho mkononi, anakitazama, ni kanga ya mdogo wake. Imepigwa mkasi. Kanga ya marehemu kwetu inagaiwa kwa utaratibu, dada wa tumbo moja ndo anaulizwa wa kwanza, wewe hukumuuliza mtu. Haya ya suruali ya kubana na kutembeza maiti kwenye simu ni maneno tu ya kutokea, mtu hawezi kusema nimeumia na kanga akaonekana mkubwa. Aliinuka akaingia chumbani, si ndo ulivyoandika mwenyewe? Kilichomwingiza chumbani sio hasira, mwanangu.

Kwa hiyo usimpigie simu. Nenda. Vaa baibui lako, beba sukari na mchele kama mtu anayekwenda kwa mkubwa, panda gari za Rangi Tatu. Usianze na mbio, usianze na hela, anza na mkasi. Mwambie mama mkubwa nilikata kanga ya mama bila kukuuliza naomba unisamehe. Kisha unyamaze, hata kukiwa kimya kibaya usikijaze na maelezo ya Kili Marathon. Na kanga si ni doti? Ulikata pande moja tu, pande la pili liko nyumbani kwako zima na maneno yake yote. Lifue, lipige pasi, umpelekee, ni lake.

Akishapoa, siku hiyo au nyingine, ndo umwambie habari ya kodi. Ndio, yeye. Umetafuta mwezi na zaidi mtu wa kumwambia na humpati kwa sababu wote uliowachangisha ni wenzio, huyu ni mama yako. Atakufokea, utafokewa vizuri, halafu ntashangaa kama hatafungua sanduku lake akuulize zimebaki ngapi. Hitma kubaliana naye, ni haki ya marehemu, ila ipikwe na hela za ukoo na za kwako hata kama ni wali maharage watu ishirini, sio na michango, maana waliochanga waliambiwa nauli na chakula cha wagonjwa. Akibisha kwamba ya wagonjwa haimfikii marehemu, msiende mbali, mkamuulize shehe wa msikiti wa kwake yeye, sio wa kwako, kuhusu mtoto kumtolea sadaka mzazi aliyekufa. Na ukienda Ocean Road kulipa muombe mwende wote, yeye ndo ashike bahasha ya risiti.

Akikataa kukufungulia siku ya kwanza acha kanga kwa jirani uondoke, urudi Jumapili inayofuata. Nafasi unayo, nimeshakwambia Jumapili mbili hizi hukimbii.